Baba wa nani? Silabi ndogo za Kiwendat zilizomsumbua padri Brébeuf

Leo sileti mbolea wala mbegu. Mimi nimesoma agronomia, na mahindi njo yaliyonifikisha kwenye hii historia. Nilikuwa natafuta habari za watu wa Amerika ya Kaskazini waliolima mahindi, maharagwe na maboga katika shamba moja, wakati huku kwetu hakuna aliyekuwa anajua ugali wa mahindi. Nikawakuta Wawendat. Habari za shamba lao nitaziandika siku ingine. Kitu kilichonishika ni lugha yao, na hasa zile silabi ndogo za mbele ya neno, zinazosema nani anafanya na nani anafanyiwa.

Utaniuliza: mtu wa agronomia anatafuta nini kwenye sarufi? Subiri kidogo. Silabi hizo zilimzuia padri msomi kutamka ishara ya msalaba katika lugha ya watu aliotaka kuwafundisha. Na silabi hizohizo, juu ziliandikwa vizuri kwenye madaftari, zimesaidia lugha iliyonyamaza zaidi ya miaka 100 ianze tena kusikika midomoni mwa watoto. Hapo ndipo inatuhusu sisi vijana wenye lugha za mababu zinazotutoka mikononi.

NI WATU GANI HAWA?

Wawendat walikaa katika nchi ambayo leo ni jimbo la Ontario, Kanada, katikati ya ghuba ya Georgian Bay na ziwa Simcoe. Waliishi katika nyumba ndefu zilizofunikwa magome ya miti, na familia nyingi zilikuwa chini ya paa moja. Bamama njo waliolima, na ukoo ulifuata upande wa mama. Mwanzoni mwa karne ya 17 wanahistoria wanawakadiria kati ya watu 20,000 na 30,000, katika muungano wa mataifa kadhaa.

Wafaransa waliwaita «Hurons». Jina hilo linaelezwa kwamba limetoka kwa neno la Kifaransa «hure», kichwa cha nguruwe mwitu, kwa sababu ya namna wanaume walivyonyoa nywele. Tena lilikuwa na harufu ya kusema «watu wasio na adabu». Wenyewe walijiita Wendat. Nitatumia jina lao.

Mfaransa wa kwanza kuishi kwao muda mrefu ni Étienne Brûlé, kijana aliyefika mnamo 1610 na akawa mkalimani. Alikula nao, alisafiri nao, alisema lugha yao. Lakini hakutuachia hata ukurasa mmoja. Baada yake akaja mtawa Gabriel Sagard, mnamo 1623. Alikaa chini ya mwaka mmoja, akarudi Ufaransa, na mwaka 1632 akachapisha kitabu cha safari yake pamoja na kamusi ya lugha hiyo. Kisha wakaja Wajezuiti. Mkubwa wao katika habari hii ni Jean de Brébeuf, aliyefika mwaka 1626, akafukuzwa mwaka 1629 wakati Waingereza walipoteka Québec, na akarudi mwaka 1634. Wawendat walimpa jina Échon.

SILABI ZA MBELE ZINAFANYA NINI?

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna faida ambayo Brébeuf hakuwa nayo. Chukua neno «ananiona». Mfaransa anahitaji maneno matatu, «il me voit». Sisi tunasema neno moja: a- ni yeye, -na- ni wakati, -ni- ni mimi, na mwishoni -ona. Ukiondoa a- na -ni-, hakuna habari tena, imebaki «ona» inayoelea.

Kiwendat nacho kinabeba watu ndani ya kitendo. Lakini kinaenda mbali kutupita. Kwanza, pale sisi tunapotumia vipande viwili, kimoja cha mtendaji na kingine cha mtendwa, wao mara nyingi wanaviyeyusha kuwa kipande kimoja. «Yeye kwa mimi» ni kiambishi kimoja. «Mimi kwa yeye» ni kingine, na huwezi kukikata katikati useme hapa ni mimi na hapa ni yeye. Pili, wanahesabu: mmoja, wawili, wengi. Watu wawili wanaotembea wana kiambishi chao, tofauti na watu watatu. Tatu, kwenye nafsi ya tatu wanatenganisha mwanaume na mwanamke, na wana kiambishi cha mtu asiyetajwa, kama tunavyosema «watu wanasema». Nne, pale «sisi» tunapokuwa watendaji, lazima uchague: sisi pamoja na wewe ninayekuambia, ama sisi bila wewe.

Ukiyahesabu yote, unapata viambishi zaidi ya 50. Na bado havikai sura moja. Vinabadilika kufuatana na herufi inayoanza shina la kitendo. Wajezuiti waligawanya vitendo katika makundi matano: vinavyoanza na a, vinavyoanza na konsonanti, vya e, vya i na vya o. Usicheke, na sisi tunayo. Wa- na -ingi haitoi «waingi», inatoa «wengi». Mtoto wetu anaijua bila kufundishwa. Mgeni anatoka jasho.

Nitoe mifano michache. Silabi ha- ni mwanaume mmoja anayetenda. Kuna wimbo wa Noeli ambao mapokeo yanasema uliandikwa na Brébeuf mwenyewe, unaitwa «Jesous Ahatonhia», maana yake Yesu amezaliwa. Angalia ndani ya neno la pili: a-ha-tonhia. Ile -ha- ya katikati njo «yeye, mwanaume». Wakiwa wengi, silabi inakuwa hati-. Wawendat waliwaita Wajezuiti «hatitsihenstaatsi», yaani wanaitwa makaa, juu ya makanzu yao meusi. Na taifa kubwa zaidi katika muungano wao, taifa la Dubu, Wafaransa waliliandika «Attignawantan». Ile Atti- ya mbele ni hati-, wao, iliyopoteza h yake njiani. Mfaransa alifikiri ameandika jina la taifa. Aliandika jina pamoja na «wao» ndani yake. Sisi tunaosoma vitabu vya kikoloni vyenye «les Bakongo» na «les Warega» tunaelewa haraka: nyongeza ya wingi imewekwa mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kibantu, na mwandishi hakusikia ile ya pili.

BABA WA NANI?

Sasa tufike kwenye tatizo lenyewe. Mwaka 1636 Brébeuf aliandika ripoti kutoka kijiji cha Ihonatiria kwenda kwa mkubwa wake. Ripoti hizo zilichapishwa Paris kila mwaka, na watu wa Ulaya walizisoma sana. Katika ile ya 1636 aliweka sura nzima juu ya lugha. Alieleza kwamba Wawendat hawana herufi zinazofunga midomo, kama b, m na p, na kwamba wanasema huku midomo iko wazi. Halafu akaeleza kitu kilichomsumbua zaidi.

Kwa Kiwendat huwezi kusema «baba», ukaishia hapo. Neno la baba halisimami bila kiambishi. Lazima useme baba yangu, baba yako, baba yake. Sababu ni kwamba maneno ya ukoo katika lugha hiyo yanafanya kazi kama vitendo, yanabeba watu wawili: mkubwa yuko upande wa mtendaji, mdogo yuko upande wa mtendwa. Kusema baba yangu ni karibu na kusema «yeye ni baba kwangu», lakini katika neno moja. Ukiondoa watu, neno limekufa.

Sasa fanya ishara ya msalaba: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Baba wa nani? Mwana wa nani? Lugha inakuuliza, na haikubali unyamaze. Brébeuf alimwomba mkubwa wake ruhusa ya kugeuza maneno. Je, inafaa waseme kwa jina la Baba yetu, na la Mwana wake, na la Roho Mtakatifu wao? Alitaka kutumia maneno hayo mpaka siku lugha ya Wawendat itakapotajirika, ama mpaka wao wenyewe wafunguke kwa lugha zingine. Fikiria jambo hilo: padri ambaye Kanisa lake lilikuwa limebishana karne nyingi juu ya kila neno la Utatu, sasa yuko katika kijiji cha msituni, anaandika barua kuuliza kama anaweza kuongeza «yetu», «wake» na «wao», juu sarufi ya watu aliokuja kuwafundisha haimwachii njia ingine.

Na kuna upande wa pili, wenye maumivu zaidi. Kama neno baba linabeba kila mara mtu mwenye baba, basi kumtajia yatima baba yake ni kumgusa kidonda. Kwa Wawendat, kumtaja mbele ya ndugu zake mtu aliyefariki ilikuwa tusi kubwa. Brébeuf anasimulia kwamba ilikuwa vigumu kumfundisha «Baba yetu uliye mbinguni» mtu asiye na baba duniani. Mwanamke mmoja aliyekuwa amefiwa na mama yake karibuni nusura aache ubatizo, kwa sababu walimsomea bila kufikiri amri ya kuheshimu baba yako na mama yako. Kwa Mfaransa ile ilikuwa amri ya watu wote. Kwa masikio ya yule mwanamke, walimtajia mama yake, marehemu wake, usoni.

Mimi niliposoma habari hiyo sikushangaa. Huku Kivu wenye Kinyarwanda wanajua: data ni baba yangu, so ni baba yako, se ni baba yake. Ni maneno matatu, na hakuna baba wa hewani. Na kila mtu anajua nini kinatokea ukimtupia mwenzako «nyoko» barabarani. Neno lile lina maana ya mama yako tu. Lakini kwa sababu linamshika mtu moja kwa moja, linaweza kuleta ngumi.

WALIOSEMA NI UPUNGUFU

Wasomi wengi wa Ulaya walisoma habari kama hizi na wakatoa hukumu ya haraka: watu hawa hawana neno la baba kwa jumla, basi akili yao haijafika kwenye mawazo ya jumla. Hakimu mmoja wa Scotland, James Burnett, anayejulikana kama Lord Monboddo, alianza mwaka 1773 kuchapisha kitabu kikubwa juu ya asili ya lugha. Humo lugha ya Wawendat ni mfano wake mkubwa wa lugha ya kishenzi, na chemchemi yake kubwa ilikuwa Sagard, yule aliyekaa kule chini ya mwaka mmoja.

Angalia kosa lilipoingia. Sagard aliandika neno la Kifaransa upande mmoja, na upande mwingine alichosikia. Lakini alichosikia kilikuwa tayari na watu ndani yake. Anaandika kitendo, kumbe ameandika «unafanya» ama «anafanya». Msomaji wa mbali anakuta neno linageuka sura kila mahali, anasema lugha hii haina utaratibu. Utaratibu ulikuwepo, na ulikuwa mkali kuliko wa Kifaransa. Ulikuwa kwenye silabi za mbele, na kamusi ya maneno haikuwa na sanduku la kuziwekea.

Brébeuf, pamoja na maneno yake ya kusubiri lugha itajirike, aliona vizuri zaidi. Alielewa kwamba funguo ni vitendo na viambishi vyake. Na waliomfuata walifanya kazi ya subira. Pierre-Joseph-Marie Chaumonot alifika mwaka 1639 na akakaa na Wawendat mpaka kifo chake mwaka 1693. Sarufi inayotajwa kwa jina lake ilitafsiriwa na kuchapishwa Québec mwaka 1831. Karne moja baada ya Chaumonot kufika, akaja Pierre Potier, mzaliwa wa Blandain karibu na Tournai, sehemu ambayo leo ni Ubelgiji. Alihudumu karibu na Detroit tangu 1744, akanakili na kupanga upya sarufi na orodha za mashina ya vitendo. Madaftari yake yalichapishwa kama picha za mwandiko wake huko Ontario mwaka 1920. Humo unakuta majedwali: shina moja, na mbele yake viambishi, safu kwa safu, nani kwa nani.

Nisieleweke vibaya. Mapadri hao hawakuja kuhifadhi lugha. Walikuja kubadilisha dini ya watu. Na waliomfundisha Brébeuf kusema, wale wazee na bamama waliorudia neno mara kumi mpaka mgeni alishike, majina yao mengi hayamo kwenye kurasa za mbele. Sarufi ile ni kazi yao pia.

KUTAWANYIKA NA KURUDI

Wakati Brébeuf anauliza juu ya Baba na Mwana, watu walikuwa wanakufa. Kati ya 1634 na 1640 magonjwa yaliyotoka Ulaya yalipita vijijini moja baada ya lingine, na ndui ikawa ya mwisho na mbaya zaidi. Karibu nusu ya watu waliisha. Hesabu ya Wajezuiti ya 1639 na 1640 ilipata watu karibu 12,000, pamoja na majirani zao. Mwaka 1649 mashambulizi ya Wairokwa yakavunja nchi. Brébeuf aliuawa mwezi wa tatu mwaka huo.

Waliobaki walitawanyika. Kundi moja lilikwenda Québec na mwishoni likakaa Lorette, ambako leo kunaitwa Wendake. Kundi lingine, wanaojulikana kama Wyandot, lilizunguka maziwa makuu, Detroit, Ohio, Kansas, mpaka Oklahoma. Huko Lorette Kiwendat kilinyamaza katika karne ya 19. Mtafiti Marius Barbeau alipofika mwaka 1911 alikuta vipande tu. Wasemaji wazuri aliwapata Oklahoma, akaandika hadithi zao. Na unajua alichapisha nini mwaka 1915? Kazi nzima ya kupanga mashina ya vitendo kufuatana na viambishi vya mtendaji. Yeye pia aliona mlango uko wapi.

Sasa fika kwenye wakati wetu. Mwaka 2007 taifa la Huron-Wendat pamoja na Chuo Kikuu cha Laval walianza mradi ulioitwa Yawenda, maana yake sauti. Kazi ilikuwa kurudisha lugha kwa kutumia yale madaftari ya zamani. Mmoja wa waliobeba kazi hiyo ni Megan Lukaniec, yeye mwenyewe Mwendat, aliyeandika tezi yake ya mwaka 2018 juu ya umbo la kitendo katika Kiwendat. Leo Wendake kuna masomo ya lugha kwa watoto na kwa wakubwa.

Fikiria kazi yenyewe. Hakuna bibi wa kumuuliza. Unataka kusema «tunakula», na ni lazima ujue: mko wawili ama wengi? Pamoja na unayemwambia ama bila yeye? Shina la kula linaanza na herufi gani? Jibu liko kwenye jedwali lililopangwa na padri aliyekufa zamani, kutoka kwa midomo ya wazee waliokufa zamani. Kama Wawendat wangebaki na orodha peke yake, maji, moto, samaki, mahindi, leo wangekuwa na maneno ya kubandika ukutani. Kwa sababu viambishi viliandikwa, wanaweza kutunga sentensi ambayo hakuna padri aliyewahi kuisikia.

NA SISI?

Kwenye makundi yetu naona vijana wanakusanya lugha za nyumbani. Ni vizuri sana. Lakini wengi wanaandika hivi: mti ni hivi, nyumba ni hivi, kulima ni hivi. Hiyo ni njia ya Sagard. Mimi nikienda shambani siandiki «kuna udongo». Naandika udongo gani, kina gani, maji yanapita namna gani. Lugha nayo inataka hivyo.

Ukikaa na bibi yako, chukua kitendo kimoja tu, kwa mfano kupa. Uliza: nimekupa, umenipa, amenipa, nimempa, tumewapa, wametupa, wametupa sisi wawili. Kisha uliza baba yangu, baba yako, baba yake, baba yetu, na usikilize kama neno linageuka. Kisha chukua kitendo kinachoanza na herufi ingine, urudie. Andika tarehe na kijiji, na jina la bibi kama amekubali, ili asipotee kama walimu wa Brébeuf. Jioni moja inatosha kupata safu mbili ama tatu. Simu ya kurekodi unayo tayari mfukoni.